Maji ya Mgeni

Mdogo wangu Pazi ndiye Jumbe wa Msimbu. Wanaomjua kwa kofia yake na fimbo yake wataniwia radhi, lakini mimi ndiye niliyembeba mgongoni, na najua alivyo. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Ukimkuta na njaa atakuambia ameshakula, tena ameshiba mpaka hawezi kuinama. Watu huiita hiyo adabu. Mimi mwaka ule wa hamsini na sita niliiita balaa, na mpaka leo sijaona sababu ya kuibadilisha jina.

Msimbu hatuna mto wa maana. Tuna bonde, na bondeni tuna shimo. Kiangazi kikikolea, mwanamke anashuka shimoni na kata yake, anachota polepole asiamshe tope, na tope linaamka vilevile. Maji yanatoka meupe kama yaliyooshewa mchele, na siku mbaya unamchota na chura. Hayo ndiyo tuliyokunywa sisi na mama zetu.

Binti yangu Mwamini alikuja kwangu kujifungua mimba yake ya kwanza, kama desturi yetu inavyotaka. Akapata mtoto wa kiume, sauti yake ikasikika mpaka msikitini. Watu wakaja na kuku na mchele, wakasema hongereni, mmepata mgeni. Arobaini haijafika, tumbo la kuhara likamshika mtoto. Tulipomfikisha zahanati ya Kisarawe, mganga hakuuliza kama kuna mtu aliyemfanyia ubaya. Aliuliza maji tunayokunywa tunayapata wapi. Tukarudi na maiti.

Mwaka uliofuata Mwamini akashika mimba tena. Alikuwa kwa mumewe Hemedi, kule Janga, karibu na Mlandizi, ambako mto Ruvu haukauki. Akaniletea salamu kwa mdomo wa shemeji yake: "Mwambieni mama, mtoto huyu simleti Msimbu. Nitazalia huku huku kwa mama mkwe. Siku Msimbu ikiwa na kisima, nitakuja."

Binti kwenda kuzalia kwa mkwe na mama mzazi yuko hai, ana miguu na mikono! Nililia, kisha nikakasirika, maana hasira ndiyo inayonipeleka mahali. Nilivaa kanga zangu nikaenda moja kwa moja barazani kwa Pazi.

"Nataka kisima," nikamwambia.

"Dada, kila mtu anataka kisima."

"Basi umeshapata wa kwenda naye bomani. Simama."

Bomani Kisarawe, karani wa Bwana DC alitusikiliza huku anachonga penseli. Akasema pesa za wilaya zinatosha kuchimba mashimo kama lile tulilonalo. Kisima kirefu, cha kuchimbwa kwa mashine na kuwekewa pampu, ni pesa ya serikali kuu ya Dar es Salaam, na pesa ile inagawanywa na Baraza la Kutunga Sheria likikaa kwa bajeti. "Mwandikieni mjumbe wenu wa Baraza," akasema. "Yeye ndiye mdomo wenu kule."

"Mjumbe wetu ni nani?" nikauliza.

"Mnao watatu. Jimbo hili la Mashariki lina mjumbe wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika."

Nikafurahi, mjinga mimi. Nikadhani wajumbe watatu ni visima vitatu. Wa Kizungu alijibu kwa karatasi nzuri sana kwamba ombi letu limepokewa. Wa Kihindi alijibu kwamba yeye ataunga mkono kwa moyo wote, mradi mwenzake wa Kiafrika aanze. Wa Kiafrika hakujibu kabisa. Miezi ikapita, tumbo la Mwamini likawa linakua Janga, na mimi nikawa naamka kila siku na kumuuliza Pazi habari za barua mpaka akaanza kupita njia ya nyuma ya nyumba yangu.

Mwisho nikamburuta. Tulipanda lori la mkaa mpaka Dar es Salaam, tukaulizia Ilala mpaka tukaipata nyumba ya huyo mjumbe wa Kiafrika, Mheshimiwa Shomari. Alikuwa mwalimu zamani, na ualimu ulikuwa haujamtoka. Alituamkia vizuri, akaniita mama, akatukaribisha chai. Pazi akaanza: wake zako hawajambo, watoto hawajambo, kazi yako haijambo, Baraza halijambo. Nilimfinya.

"Mheshimiwa," nikasema, "tulikuandikia kuhusu kisima cha Msimbu. Hukutujibu."

Akafikiri, akainuka, akatafuta kwenye makaratasi yake mpaka akaipata. Akaisoma, akamtazama Pazi, akaisoma tena kwa sauti: "Mheshimiwa mpendwa, baada ya salamu nyingi, mimi na wenzangu wote wa Msimbu ni wazima wa afya, hatuna shida yoyote, hofu ni juu yako wewe uliye mbali." Ikaendelea hivyo ukurasa mzima. Kisima kilikuwa chini kabisa, kimebanwa baada ya jina la Pazi, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa mlangoni.

"Mama," Mheshimiwa akaniambia, "mimi napata barua nyingi za watu wenye shida. Hii ni ya watu wanaosema hawana shida yoyote, na wananionea huruma mimi. Niliiweka na barua za salamu."

"Lakini barua huanza hivyo!" Pazi akasema. "Nimwandikie mkubwa nianze na kuhara?"

"Anza na kuhara, Jumbe," akasema Mheshimiwa. "Kuhara ndiko kutakakonisaidia."

Nilitamani ardhi inimeze, nayo immeze Pazi kwanza.

Mheshimiwa hakutufukuza. Alitufundisha, na nitamshukuru kwa hilo. Alisema ombi la pesa ya serikali lina njia yake. Kwanza tuseme shida ni nini na imemdhuru nani, kwa maneno ya kawaida. Tuonyeshe kiwanja cha kisima, na mwenye shamba akubali mbele ya watu kwamba amekitoa, asije kugeuka pampu ikishafika. Tuseme sisi wenyewe tutatoa nini, maana Barazani wanapenda kusikia kwamba wenyeji watafyeka njia na kubeba mawe. Tumtaje atakayeitunza pampu. Tupate maneno ya mganga wa zahanati na ya Liwali, ili isiwe sauti ya kijiji peke yake. Na yote hayo yamfikie kabla Baraza halijakaa kwa bajeti, kwa sababu bajeti ikifungwa, imefungwa hata kwa ndugu yake mwenyewe.

"Na hata mkitimiza yote," akasema, "mimi siahidi. Wanaoomba ni wengi na fungu ni dogo. Ninachoahidi ni kwamba nitakuja kuona. Siwezi kusimama Barazani nikaombea kitu ambacho sikukitazama kwa macho yangu."

Tulirudi Msimbu nikiwa na moyo mpya. Mwishehe, mwenye shamba la mikorosho kule juu, alitoa kiwanja mbele ya msikiti mzima. Mganga aliandika, tena aliandika bila kubembeleza, akamtaja na mjukuu wangu. Liwali alitia mhuri. Barua safari hii niliisimamia mimi, sijui kusoma lakini nilimfanya karani anisomee kila mstari, na kila alipofika kwenye "wazima wa afya" nilimwambia afute. Nikamtumia Mwamini salamu kwamba mambo yanakwenda. Akajibu, "Nasikia, mama." Hakusema anakuja.

Kisha habari zikaja kwamba Mheshimiwa anakuja wiki ile. Hapo ndipo Pazi alipopata wazimu.

Kwanza alifyekesha njia kutoka barabarani mpaka barazani kwake. Haya. Akakopa viti, akakopa mkeka mpya, akachinja jogoo. Haya, mgeni ni mgeni. Lakini nikamwona Twalibu, kijana wa mkaa, anafunga madebe mawili kwenye baiskeli yake.

"Unakwenda wapi na madebe?"

"Kisarawe, shangazi. Jumbe kanituma maji ya bomba. Ya kumpa Mheshimiwa."

Nilikwenda kwa Pazi nikimwita kwa jina lake tangu njiani, watu wakatoka nje kutazama.

"Pazi! Mtu anakuja kuona maji yetu mabaya, wewe unamtafutia mazuri?"

"Anakuja kuona shimo," akasema. "Haji kunywa shimo."

"Mpe hayo hayo tunayokunywa."

Alinitazama kama niliyemwambia amvue mgeni nguo. "Dada, mjumbe wa Baraza aje kwangu nimpe tope kwenye bilauri? Kesho Uzaramo yote iseme Pazi alimnywesha mgeni matope?"

"Iseme! Ndicho tunachotaka iseme!"

"Hapana. Nyumba hii baba aliiacha na heshima yake."

Wazee waliokuwa pale wakaguna kumuunga mkono. Hata wanawake wenzangu, wanaoshuka shimoni kila siku mpaka magoti yanalia, wakasema Bi Mwanamkuu safari hii umezidi. Nikawaacha. Twalibu akarudi jioni na madebe yake, maji yakachujwa kwa kitambaa, na mtungi ukafukizwa ubani kama unavyofukizwa kwa harusi. Ukawekwa kivulini, ukafunikwa kawa. Sisi tulipita mbali nao.

Mheshimiwa alifika saa ya jua kali, ndani ya Landrova ya serikali, na dereva wake, Maneno, mtu mwembamba mwenye sura ya kulichukia vumbi. Gari lilikuwa limepanda vilima vya Kisarawe likihema. Wanaume wakakaa barazani, sisi wanawake tukakaa nyuma, upande wa jikoni, tulipoweza kusikia bila kuulizwa. Pazi mwenyewe alimimina maji, akayaleta kwenye sinia.

Mheshimiwa akanywa bilauri nzima. Akashusha pumzi. Akaomba nyingine.

"Alhamdulillahi," akasema. "Maji haya matamu, Jumbe! Baridi, halafu yananukia. Mjini sisi hatuyapati haya. Ni ya wapi?"

Niliacha kukuna nazi. Sasa, nikasema moyoni. Sasa, Pazi, mlango huo amekufungulia mwenyewe.

"Ya hapa hapa kwetu, Mheshimiwa," akasema Pazi. "Kidogo tulicho nacho."

Mheshimiwa akairudisha bilauri kwenye sinia. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, kwamba yeye anapaswa kuwa mkweli. Fungu linatosha visima vichache tu. Wiki iliyopita alikuwa upande wa Mlandizi, kwenye vijiji vilivyo mbali na mto, na kule alioneshwa maji ambayo hakuthubutu kuyatia mdomoni. Ikibidi kuchagua, itabidi awatangulize wale. "Ninyi Mungu amewajalia. Lakini twendeni nikalione hilo shimo."

"Jua ni kali, Mheshimiwa," akasema Pazi. "Na njia ya bondeni ina miiba. Chakula tayari. Ule kwanza."

Akala. Akala wali wa nazi na jogoo, akanawa, akanywa tena maji ya Kisarawe, akatazama saa. Alikuwa na kijiji kingine kabla ya magharibi. Akasema shimo atalisoma kwenye barua ya mganga. Pazi akasema hakuna neno, umetuheshimu kwa kuja. Hakuna neno! Nilikuwa nimeshika mbuzi ya kukunia nazi, na namshukuru Mungu kwamba kati yangu na mdogo wangu palikuwa na ukuta.

Walikuwa wanaagana, zile buriani za Pazi zisizokwisha, dereva alipokuja jikoni. "Bi mkubwa, nisaidieni maji ya rejeta. Gari limechemka."

Msichana mmoja akanyanyuka kuelekea kwenye mtungi. Nikamshika mkono. Nikachukua ndoo yangu mwenyewe, ile niliyoijaza asubuhi shimoni, nikajitwika, nikaenda nayo mpaka kwenye gari. Mwanamke kupita katikati ya wanaume waliosimama namna ile si jambo linalofanywa kwetu. Walinipisha kwa mshangao tu.

Dereva alifungua rejeta, akainamia ndoo yangu, akainuka.

"Bi mkubwa, nimeomba maji."

"Hayo ni maji."

"Hili ni tope. Nikilitia humu, mtambo utaziba. Gari la serikali hili, nitafungwa."

"Ndiyo tunayokunywa sisi," nikasema, na sikusema kwa sauti ndogo.

"Mnywe ninyi," akasema Maneno, hakuwa na nia mbaya. "Gari hili haliwezi."

Mheshimiwa alikuwa na mguu mmoja ndani ya gari. Akautoa. Akaja, akachukua kata yangu, akachota, akayaacha maji yadondoke polepole kurudi ndooni. Yalidondoka kama uji.

"Jumbe," akasema, "yale niliyokunywa?"

Pazi alitazama viatu vyake. "Ya bomba, Mheshimiwa. Ya Kisarawe. Kijana aliyaleta kwa baiskeli."

"Kwa nini?"

"Wewe ni mgeni."

Hapo sikuweza tena. Miaka yote nimemsikia akilisema neno lile na watu wakitikisa vichwa kwa kuridhika.

"Pazi," nikasema, "mtoto wa Mwamini alipozaliwa, si watu walikuja hapa wakasema tumepata mgeni? Wewe mwenyewe ulisema. Ulikuja na jogoo, ukasema, dada, karibisha mgeni. Yeye mbona hukumpelekea mtu Kisarawe na baiskeli?"

Nikamgeukia Mheshimiwa, maana nilikuwa nimeshavunja adabu na haikuwa na faida kuacha nusu. "Gari lako limekataa maji haya. Binti yangu naye amekataa, yuko Janga na mimba yake. Tuliobaki ndio hatujapata pa kukataa."

Mheshimiwa Shomari hakuhutubia. Alivua koti, akampa dereva, akasema, "Nionyeshe, mama." Tulishuka bondeni, yeye na viatu vyake vya mjini, akasimama ukingoni mwa shimo mpaka mwanamke aliyekuwa ndani akatoka na ndoo yake. Alimtazama yule mwanamke zaidi ya alivyolitazama shimo. Tuliporudi, aliomba chupa, akaijaza kutoka kwenye ndoo yangu, akaiziba kwa gunzi la hindi. Alisema Baraza likikaa ataiweka mezani, na atakayesema Msimbu hawahitaji kisima atakaribishwa bilauri.

Pazi, kwa sababu ni Pazi, alikuwa ameshatuma watu waulete mtungi ili gari lipewe maji mazuri.

"Mtungi huo msiuguse," Mheshimiwa akasema. Dereva akachuja maji ya shimo kwa kitambaa, akachuja tena, akayatia huku ananung'unika. Gari likayanywa, likaondoka.

Nilidhani nimeshinda. Baada ya muda barua ikaja: ombi limeungwa mkono na wajumbe wote watatu, kisima cha Msimbu kimeingizwa kwenye makisio ya mwaka wa fedha unaokuja, kazi itaanza pesa zitakapotoka. Karani alipomaliza kusoma nilimwambia arudie lile neno, unaokuja. Mwamini alikuwa mwezi wake wa mwisho. Tumbo la binti yangu halikuwa na mwaka wa fedha. Nilikaa kizingitini, nikawatukana wote, Baraza na bajeti na penseli ya yule karani, kisha nikaanza kufunga kanga zangu ili niende Janga, nikakae kwa mkwe kama mgeni kwenye uzazi wa mwanangu mwenyewe.

Asubuhi nilipotoka na furushi langu, nilikutana na Pazi njiani. Hakuwa na fimbo. Alikuwa anaisukuma baiskeli ya Twalibu, madebe mawili yamefungwa nyuma, kanzu imelowa mpaka magotini, na kofia imekaa upande. Alikuwa ametoka Kisarawe. Watu walikuwa wamesimama milangoni kumwangalia Jumbe wao akibeba maji kama mwanamke, na yeye alikuwa anawaona.

"Hawa wa Baraza wana mwaka wao," akasema akihema. "Mimi nitakwenda kila yatakapokwisha, mpaka arobaini ipite, na baada ya arobaini. Nenda Janga, dada, lakini nenda ukamlete. Mwambie kwamba mjomba wake ameshaufukiza mtungi."

Mwamini alikuja. Alishuka kwenye lori la mkaa, akaenda kwenye mtungi kabla hajaniamkia, akafunua kawa, akayatazama maji kwa muda mrefu. Kisha akavua viatu, akaingia ndani. Alijifungua mtoto wa kike, naye ni mzima, sasa hivi ananivuta kanga.

Kisima chenyewe kilichimbwa baadaye sana, baada ya barua nyingine nyingi, zote nikizisimamia mimi. Lakini siku ile njiani, Pazi alipokuwa anashusha madebe, nilitaka kumshukuru, na nikashindwa. Nilimwambia, "Baiskeli hii ilikuwepo hata mwaka juzi."

"Ilikuwepo, dada," akasema, akajipangusa uso kwa kofia yake.